Gari la zamani linapiga stata lakini haliwaki: uanze na moto, mafuta au mashine?

Stata inazunguka vizuri, betri ina nguvu, lakini injini haishiki. Ukisimama kando ya barabara na boneti wazi, utapata majibu matatu kabla hujauliza. Dereva wa daladala atasema pampu ya mafuta imekufa. Fundi wa kijiweni atasema distributa. Kijana mwenye simu atasema tuunganishe mashine tusome hitilafu. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi. Lakini kila njia ina gharama yake, ina kinachoonekana na kisichoonekana kwayo, na umri wa gari ndio unaoamua uanze na ipi.

Mfano wangu mkuu ni Toyota za miaka ya 1990, hasa Corolla za familia ya AE100 na AE110 zenye injini ya 4A-FE au 5A-FE. Ziko katikati ya zama mbili: zina nozeli (zinazopulizia mafuta) na kontroli boksi (kompyuta ya injini), ila moto, yaani cheche za plagi, bado unagawiwa na distributa moja. Zina kompyuta, lakini kompyuta hiyo haisemezani na skana nyingi zinazouzwa leo. Ndiyo maana hubabaisha mafundi wa rika zote mbili.

Vipimo visivyohitaji kifaa

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake. Isipowaka, achana kwanza na plagi na pampu: ama balbu imeungua, ama kontroli boksi haipati umeme, na pa kuangalia ni fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta) na rilei kuu (swichi ya umeme) ya EFI. Kasoro hiyo moja huua moto na mafuta kwa pamoja, na nimeona watu wakinunua pampu na distributa siku hiyo hiyo kwa sababu ya fyuzi.

Kisha piga stata huku ukitazama mshale wa RPM, kama gari lako unao. Ukitikisika hata kidogo, koili (inayozalisha volti kubwa ya cheche) inapokea amri ya kupiga. Ukilala tuli, shuka egemea upande wa moto. Si ushahidi wa kumhukumia mtu, ni dalili tu.

Sikiliza na stata yenyewe. Injini yenye kompresheni (mbano ndani ya silinda) huzunguka kwa mapigo unayoweza kuyahesabu. Ikizunguka kwa wepesi na ulaini kama feni, mashaka yangu huenda moja kwa moja kwenye mkanda wa taimingi. Ikizunguka kwa uvivu, pima betri wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, moto utakuwa dhaifu hata kama kila kitu kingine ni kizima, na vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Halafu kuna swichi ya siri. Magari mengi ya zamani huku kwetu yamefungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari kinachokata waya wa pampu au wa koili, kikaungwa kwa selotepu na mmiliki wa pili, nawe ni wa nne. Fuata waya wowote usio wa kiwandani chini ya usukani kabla ya kuilaumu Toyota.

Kuanza na moto

Kwa gari lenye distributa, mimi huanza hapa. Si kwamba moto ndio huharibika zaidi kila mara. Ni kwamba kipimo chake ni rahisi, na ukichomoa plagi moja tu umeshapata nusu ya jibu la mafuta pia.

Piga stata sekunde kama kumi, kisha fungua plagi. Iangalie ncha, inuse. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayachomwi. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Kwenye injini za 4A-FE na 5A-FE angalia isikuchanganye oili: sili za mashimo ya plagi huchakaa, oili ikajaa shimoni na kuloweka waya. Kinachokuhusu ni ncha ya plagi, si mwili wake.

Sasa irudishe plagi mahali pake. Chukua plagi nyingine nzima, ichomeke kwenye waya wa plagi, lalisha chuma chake kwenye mwili wa injini kiguse vizuri, mbali na harufu ya petroli, na mwenzio apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Cheche ya njano nyembamba, inayokuja na kuondoka, haitoshi kuwasha mchanganyiko uliobanwa ndani ya silinda. Usiache waya wa plagi ukining'inia hewani wakati injini inazungushwa. Volti zaidi ya 20,000 zisipopata njia ya halali zitajitafutia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupita ndani ya koili au ignaita (swichi ya kielektroniki inayoiwasha koili).

Moto ukikosekana kwenye waya zote nne, fungua kava la distributa kabla ya kununua chochote. Ndani utakuta moja kati ya haya: unyevu, kaboni ya katikati iliyokwisha, mstari mweusi wa ufa ambako moto unatoroka, au rota iliyoungua. Tanga, Mombasa, Zanzibar, popote penye hewa ya chumvi, vituo vya shaba ndani ya kava huota ukungu wa kijani. Na gari lililokataa kuwaka baada ya kuoshwa injini kwa maji ya presha halihitaji uchunguzi mrefu. Kausha kava, kausha mashimo ya plagi, jaribu tena.

Kava likiwa wazi, fanya kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka: mwambie mtu apige stata, wewe tazama rota. Isipozunguka, mkanda wa taimingi umekatika au umekwisha meno. Distributa ya injini hizi huendeshwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu), nayo huzungushwa na mkanda huo. Mkanda ukikatika, rota inasimama, sensa iliyomo ndani ya distributa haitoi ishara, na kontroli boksi haipigi moto wala haifungui nozeli. Gari litaonyesha dalili zote za kufa umeme, na mtu atakuuzia distributa nzima. Bahati nzuri, kwenye 4A-FE na 5A-FE mkanda ukikatika kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni, kwa hiyo mkanda mpya na taimingi sahihi huirudisha injini kazini.

Udhaifu wa njia hii ni kasoro zinazokuja na joto. Ignaita au sensa ya distributa inaweza kufa injini ikiwa ya moto na kufufuka baada ya nusu saa kivulini. Ukiivuta gari hadi gereji, ikifika imeshapoa, inawaka, na fundi anakutazama kana kwamba unamchezea. Pima palepale lilipozimikia. Plagi moja ya akiba kwenye buti inatosha.

Kuanza na mafuta

Upande huu una makosa mengi ya bei ghali, kwa sababu pampu ya umeme iko ndani ya tangi na kila mtu anaogopa kuifikia. Matokeo yake, hukumu hutolewa kwa kusikiliza. "Bosi, sisikii pampu, imekufa hiyo." Lakini kwenye Toyota nyingi za wakati huo pampu hailii ukiwasha swichi tu. Hufanya kazi pale stata inapozunguka, kisha huendelea injini ikishashika. Ukimya wa swichi si ushahidi wa lolote.

Toyota wenyewe walikuachia mlango. Ndani ya boksi dogo jeusi kwenye chumba cha injini, lenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, kuna matundu ya Fp na +B. Yaunganishe kwa kipande cha waya, washa swichi, na pampu italazimishwa kufanya kazi. Bana kwa vidole mpira wa mafuta unaotoka kwenye filta, utausikia unakaza. Ikikaza hapa lakini haikazi wakati wa stata, pampu ni nzima na ugonjwa uko kwenye rilei ya pampu au waya zake. Isipokaza, inua siti ya nyuma ufikie soketi ya pampu na uweke testa. Umeme unafika na pampu kimya: pampu au waya wake wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi). Umeme haufiki: rudi mbele. Kipimo hiki hutenganisha rilei ndogo na kazi ya kufungua tangi, ndiyo maana nakiweka mbele ya kipimo kingine chochote cha mafuta.

Wapo wanaogonga tangi kwa chini huku stata ikizunguka. Msiwacheke. Gari likiwaka baada ya kugongwa, brashi za mota ya pampu zimekwisha na zilikuwa zimenasa; una safari moja au mbili za kufika dukani.

Geji ya presha ndiyo inayomaliza ubishi. Kwa 4A-FE, mpira wa vakyumu wa regyuleta (kirekebisha presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa, presha inayotakiwa ni kilopaskali 265 hadi 304, yaani psi 38 hadi 44. Chini ya hapo injini inaweza kupata mafuta ya kulowesha plagi kidogo lakini yasitoshe kuwasha. Vidole haviwezi kukuambia tofauti ya psi 25 na 40.

Mbadala wa geji ni kupuliza: unafyatua kidogo dawa ya kuwashia au ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, kisha unapiga stata. Ikishika sekunde mbili na kufa, moto upo, mafuta hayapo. Ni kipimo cha haraka na kinajibu maswali mawili kwa pamoja. Kumimina petroli kwa kizibo cha chupa, kama inavyofanywa vijiweni, ni jambo jingine kabisa. Injini ikirudisha moto kupitia njia ya hewa, petroli hiyo iko mkononi mwako. Ukichagua kupuliza, puliza kidogo, rudisha mpira wa hewa, ondoka karibu, ndipo stata ipigwe.

Kitu kimoja hakionekani kwa geji, kwa vidole wala kwa skana yoyote: petroli mbovu. Mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, au tangi lililoingia maji, hutoa presha safi kabisa. Chomoa mpira, kinga kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini. Mafuta ya taa yatajitambulisha kwa harufu, na tone lake kwenye karatasi litaacha alama ya mafuta ambayo petroli safi haiachi. Kama gari lilizima muda mfupi baada ya kujaza kwenye kituo usichokizoea, anza hapa, ruka yote niliyosema juu.

Vyote viwili vikikosekana

Hapa ndipo uchaguzi wa moto au mafuta unapokuwa si sahihi tangu mwanzo. Plagi kavu, cheche hakuna. Watu husema gari lina magonjwa mawili. Ni nadra vitu viwili kufa dakika moja. Tafuta kinachovilisha vyote: fyuzi ya EFI, rilei kuu, ethi ya kontroli boksi, swichi yenyewe ya ufunguo iliyochoka, sensa ya ndani ya distributa, mkanda, alamu. Kwa Toyota za baadaye ongeza ufunguo wenye chipu. Ukipata matokeo haya, hapa ndipo kusoma namba za hitilafu kunapopanda kutoka nafasi ya tatu hadi ya kwanza.

Skana ya simu dhidi ya kipande cha waya

Vile vidude vya bluetuthi vinavyochomekwa chini ya usukani vimeshuka bei hata mwanafunzi anavimudu, na watu wamevifanya kuwa hatua ya kwanza kwa kila gari. Kwa AE100 ni kupoteza muda. Mfumo wa OBD2 (utaratibu wa pamoja wa kusoma hitilafu kwa skana) ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, na Ulaya ukafika kwa magari ya petroli 2001. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halikuhusika na sheria hizo. Hata Toyota ya Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yenye soketi ya pini 16 mara nyingi itakaa kimya mbele ya kifaa cha bei nafuu, na ukimya huo hausemi kontroli boksi imekufa.

Kipande cha waya hufanya kazi pale skana inaposhindwa. Kwenye boksi lile lile la DIAGNOSIS, unganisha TE1 na E1, washa swichi bila kupiga stata, hesabu mimweko ya taa ya injini. Mmweko mmoja, kituo kidogo, mimweko minne: hiyo ni 14. Mimweko ya haraka isiyokoma yenye mwendo mmoja maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Soma maandishi ya kifuniko mara mbili kabla ya kuchomeka. Tundu la +B liko jirani, na kuliunganisha na E1 ni kuunguza kitu.

Namba mbili ndizo zinazohusu gari lisilowaka. 12 inasema kontroli boksi haikupata ishara ya mzunguko wa injini wakati wa stata: sensa ya distributa, waya zake, au mkanda uliokatika. 14 inasema iliamuru moto lakini haikupata jibu kutoka kwenye ignaita. Nyingine, kama 21 ya sensa ya oksijeni, zinaweza kukaa hapo miaka bila kuzuia gari kuwaka. Usikubali kuuziwa spea kwa ajili yake leo.

Njia hii nayo ina upofu wake, tena mkubwa. Pampu iliyokufa haitoi namba. Kava lenye ufa au rota iliyoungua haitoi namba, kwa sababu jibu linalofuatiliwa linatoka upande wa volti ndogo, kabla moto haujafika kwenye kava. Na kumbukumbu yote hufutika betri ikichomolewa, jambo ambalo fundi wa kwanza kufika hulifanya akiwa bado anakusalimia. Mzuie. Soma kwanza.

Umri ukibadilika, chaguo linabadilika

Kwa Toyota za baada ya 2000 zenye 1NZ-FE au 1ZZ-FE ningegeuza mpangilio wote. Hakuna distributa, kila silinda ina koili yake. Koili nne hazifi kwa pamoja, kwa hiyo moto ukikosekana kote, koili si mtuhumiwa. Anza na kusoma hitilafu, kisha sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini), kisha presha ya mafuta. Injini hizo zina mnyororo badala ya mkanda, hivyo ukurasa huo unaufunga mapema. Skana ikikataa kuongea, kwa nyingi bado unaweza kuunganisha pini 13 na pini 4 za soketi ya chini ya usukani na kuhesabu mimweko. Usiguse 16, hiyo ni umeme wa betri. Kenya, ambako gari lililotumika haliingizwi likizidisha miaka 8, hili ndilo kundi unalokutana nalo zaidi, na kifaa cha kusoma hitilafu kina thamani kubwa kuliko kwa mwenye AE100 Morogoro.

Kabureta ni rahisi zaidi kuliko yote. Toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia, kanyagisha pedali: ukiona petroli ikichuruzika kooni, mafuta yapo, nenda kwenye moto. Usipoiona, fungua mpira unaoingia kabureta, uelekeze kwenye chupa, piga stata.

Dizeli haina plagi za moto, kwa hiyo swali la juu halipo. Hiace ya 3L au 5L, Land Cruiser ya 1HZ: tazama ekzosi wakati stata inazunguka. Hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki. Pampu kwa mkono juu ya filta utoe hewa, kisha pima umeme wa soleno (vali ya umeme) ya kukatia mafuta kwenye pampu. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika lakini hayaungui: hita (vipasha joto vya silinda), au kompresheni iliyochoka. Dawa ya kupuliza usiipeleke karibu na injini yenye hita.

Ununue kifaa gani, umwite fundi gani

Pesa ikitosha kitu kimoja tu kwa gari la miaka ya 1990, nunua mita ya umeme, si skana. Testa ya balbu ni nzuri kwa fyuzi, rilei na soketi ya pampu, ila usiitumie kwenye waya za kontroli boksi, kwani inavuta umeme mwingi kuliko zile waya zinavyopaswa kubeba. Geji ya presha ni ya tatu, unaweza kuiazima.

Moto ukikosekana, mwite fundi umeme. Mkanda au kompresheni, mwite makenika. Mafuta yako katikati, na hapo ndipo utakapouziwa zaidi, kwa hiyo mpe fundi matokeo badala ya dalili: "Kaka, moto upo, plagi kavu, ukiunganisha Fp na +B mpira unakaza, ila kwa stata haukazi." Akisikia hivyo hawezi kuanza na pampu.

Ukienda kutafuta distributa ya mtumba Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, beba ile ya kwako mkononi. Zinafanana kwa nje, lakini nyingine zina koili ndani na nyingine hazina, na soketi zina idadi tofauti za pini. Zungusha shafti kwa vidole uone kama inacheza kwa pembeni, linganisha pini moja kwa moja, na kubaliana na muuzaji kwamba isipotoa moto unairudisha leo hii.